Kukokotoa mahitaji ya nyumba mjini: mfano wa Nairobi

Anza na kaya, si vichwa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 3,138,369 Nairobi, wastani wa 3.2 kwa kaya. Ya 2019 ilihesabu 4,397,073, wastani 2.9. Gawa idadi ya watu ya kila mwaka kwa wastani wake, kisha toa: kaya ziliongezeka takriban 535,000.

Kosa la kawaida ni kugawa ongezeko la watu (1,258,704) kwa 2.9. Utapata 434,000 hivi. Kaya laki moja zimeyeyuka, kwa sababu kaya za zamani nazo zimegawanyika: vijana wamehama kutoka kwa wazazi. Na kodi ikiwa juu hawahami, kwa hiyo uhaba wenyewe hupunguza "mahitaji" kwenye karatasi. Anayetaka tarakimu ndogo hukaa kimya hapo.

Ongeza nyumba zitakazobomolewa. Ongeza msongamano: UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, Nairobi, huhesabu zaidi ya watu 3 kwa chumba kuwa wamejazana. Kwa nyumba tupu, gawa kaya kwa 0.95 ukikubali asilimia 5 ya nyumba zote ziwe tupu. Usizidishe kwa 1.05.

Ugomvi mkubwa ni chumba cha mabati: ni nyumba au si nyumba? Ukikihesabu, upungufu hushuka. Ukikitoa, umempa mtu sababu ya kuleta tingatinga. Toa majibu yote mawili, na uyatenganishe kwa kipato. Jumla moja tupu humruhusu mjenzi wa maghorofa ya kifahari kudai anaziba pengo la Mathare, mtaa wa mabanda.