Somo: Kuoanisha vipuri vya kompyuta ya mezani kabla hujatoa hela

Wakuu, somo hili ni la anayetaka kuunga kompyuta yake ya nyumbani, ya kazi na magemu kidogo, asije akabaki na rundo la vipuri visivyokubaliana. Kuunga kwenyewe ni bisibisi moja ya nyota na jioni moja. Kazi iko kwenye kuchagua, maana kipuri kinaweza kukaa vizuri kabisa mahali pake na mashine bado ikagoma kuwaka.

Hatua ya 1: Prosesa na soketi yake

Achana kwanza na kesi (boksi la kompyuta) yenye mataa. Prosesa (ubongo wa kompyuta) ndiyo inayochagua mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipuri), na mazabodi ndiyo inayochagua RAM (kumbukumbu ya muda). Kwa prosesa za AMD, jua soketi (kikao cha prosesa kwenye bodi) ya AM4, ambayo ni ya Ryzen 1000 hadi 5000, na AM5 iliyotoka 2022, ya Ryzen 7000 na kuendelea. Kwa Intel, LGA1200 inabeba kizazi cha 10 na 11, LGA1700 kizazi cha 12, 13 na 14, na LGA1851 inabeba Core Ultra 200 za mezani.

Soketi inayoliza watu kwenye mitumba ni LGA1151. Kizazi cha 6 na 7 kinaitumia, cha 8 na 9 nacho kinaitumia. Pini ni 1151 kote na prosesa inaingia bila kusukumwa. Lakini i5-8400, ya kizazi cha 8, ukiiweka kwenye bodi ya H110, ya kizazi cha 6 na 7, haiwaki, kwa sababu kizazi cha 8 na 9 kinataka bodi za mfululizo wa 300, kama H310 au B360. Muuzaji atakuambia "soketi ni ileile", na hapo hadanganyi. Wewe muulize chipseti, yaani ile aina ya bodi kama H110 au B360.

Hatua ya 2: Mazabodi na bayosi yake

Ingia kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza bodi, tafuta modeli yako kwa jina kamili, ufungue orodha ya prosesa inazokubali. Pembeni ya kila prosesa pameandikwa toleo la bayosi (programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi) linalohitajika. Bodi ya B450 yenye bayosi ya zamani haitaitambua Ryzen 5 5600 mpaka isasishwe, na mara nyingi kuisasisha kunahitaji prosesa ya zamani iwepo juu yake. Zipo bodi zenye kitufe cha kusasisha bayosi kwa fleshi hata bila prosesa. Kama bei hazipishani sana, chukua hiyo.

Unanunua bodi ya mtumba ya Intel au ya AM5? Pini ziko kwenye bodi, siyo kwenye prosesa. Mulika soketi kwa tochi ya simu. Ukiona pini moja imelala, rudisha bodi mezani kwa muuzaji.

Hatua ya 3: RAM

DDR4 na DDR5 ni vizazi vya RAM. AM4 ni DDR4 tu. AM5 na LGA1851 ni DDR5 tu. LGA1700 ndiyo ya kuangalia kwa makini: zipo bodi zake za DDR4 na zipo za DDR5, na hakuna bodi ya kawaida inayokuruhusu kuchanganya. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, ila mkato wa katikati umekaa tofauti, kwa hiyo ukiona inakataa kuingia usiilazimishe. Nunua mbili za 8GB badala ya moja ya 16GB.

Hatua ya 4: Picha itatoka wapi?

Ryzen 5 5600 haina grafiki ndani, 5600G inayo. Kwa Intel, herufi F mwishoni, kama i5-12400F, maana yake haina. Usipotaka kununua kadi ya grafiki sasa hivi, 5600G na bodi ya B550 ndiyo njia ninayoipendekeza kwa mfuko mdogo. Kadi utaongeza baadaye.

Hatua ya 5: Pawa saplai

Hapa ndipo watu wanabana senti wasipopaswa. Kadi ya grafiki ya RTX 3060 inakula wati 170, prosesa kama Ryzen 5 5600 haivuki 100, vilivyobaki kama 50. Jumla inakaribia 320, kwa hiyo saplai ya kweli ya wati 550 inatosha na kubaki. Nasema ya kweli kwa sababu zile zinazokuja bure na kesi hujiandika wati 500 huku zikiwa nyepesi kama boksi tupu. Alama ya 80 Plus inaeleza umeme unaopotea, haikuhakikishii ubora wa kila kitu. Na nyaya za saplai ya kampuni moja usizichomeke kwenye ya kampuni nyingine hata zikiingia. Utaunguza diski.

Hatua ya 6: Yaliyobaki

Kesi: pima urefu wa kadi na kimo cha kipoza. SSD (diski ya kisasa ya kuhifadhi): angalia kama nafasi ya M.2, ile ndogo iliyo kwenye bodi, inakubali SSD za aina ya NVMe au za SATA.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina Dell OptiPlex ile nyembamba ya mtumba. Naweza kuiwekea kadi ya grafiki?
Jibu: Ndiyo, ila iwe fupi kwa kimo na isiyohitaji waya wa saplai, kwa sababu nafasi ya kadi inatoa wati 75 tu. GTX 1650 zipo za aina hiyo. Usipange kubadili saplai, nyingi za humo si za umbo la kawaida.

Swali: Nimeletewa saplai kutoka Marekani, ina swichi nyekundu nyuma. Ya nini hiyo?
Jibu: Ya volti. Kabla ya kuchomeka hakikisha inasoma 230. Ikiwa kwenye 115 na umeme wetu huu, italipuka papo hapo.

Swali: RAM ya laptop inaingia?
Jibu: Kwenye mazabodi ya kawaida ya mezani haiingii, ndugu. Ni fupi.

Swali: Nimeunga, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Prosesa ni 5600 na kadi ipo.
Jibu: Waya wa monita umechomeka kwenye kadi au kwenye bodi? Uhamishie kwenye kadi. Ikigoma, hakikisha waya wa prosesa wa pini 8 juu ya bodi umeingia, kisha acha RAM moja kwenye nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa. Bado? Tuandikie modeli ya bodi na toleo la bayosi.