Nyigu wa Kiwavi cha Mnazi Hawafunguliwi Kileleni

Unaotesha minazi Kerala au Tamil Nadu, kusini mwa India? Basi kiwavi mwenye kichwa cheusi, Opisina arenosella, unamfahamu, na kukata makuti ya chini yaliyoliwa na kuyachoma hukuanza leo. Ninachokuandikia ni nyigu wanaofunguliwa shambani wamuue kiwavi huyu. Unapewa chupa ya Goniozus nephantidis, wadudu wadogo mithili ya sisimizi, kisha unamtuma mkwezi apande nao mpaka juu awafungulie. Jamani! Kule kileleni wanaishi buibui na kunguni wawindaji. Umewapelekea chakula. Nyigu wafunguliwe chini ya mnazi. Viwavi huanzia kwenye makuti makuukuu, si machanga.

Kabla ya kuchukua nyigu, chuma vipande vya majani yaliyoshambuliwa, vigeuze, upasue vichuguu vya hariri na kinyesi, makazi ya kiwavi, vilivyo upande wa chini. Hesabu waliomo, na uone wako hatua gani. Yai hukaa siku 5 hivi, kiwavi karibu 40, pupa kama 12. Goniozus anataka kiwavi aliyekwisha kukua, hatua ya 3 na kuendelea: humchoma akapooza, hutaga mayai juu ya mwili wake, kisha jike hubaki akiwalinda watoto. Ukikuta pupa pekee, bila viwavi, umechelewa kwa nyigu huyu. Omba nyigu mwingine, Brachymeria, yeye ndiye anayeshambulia pupa. Kiwango cha Goniozus ni nyigu 20 kwa kila viwavi 100 wa hatua ya 3 na kuendelea. Sio "chupa moja kwa shamba", kama wengi wanavyopenda kusema.

Walishe asali kwanza, na uwatilie chupani kipande cha kichuguu kibichi chenye kinyesi cha kiwavi wazoee harufu yake. Nyigu mwenye njaa, asiyejua anachotafuta, huruka akapotea.

Halafu dawa. Kuna anayepulizia Jumatatu na kufungulia nyigu Ijumaa, kisha anakuja kulalamika kwamba nyigu ni wabovu. Ukipulizia, subiri wiki 3 kamili. Huwezi kungoja? Chagua moja: dawa au nyigu.

Fungulia mapema, kuanzia Januari, kabla joto halijawazidisha viwavi, na urudie. Makuti mapya yakitoka bila vichuguu, mambo yanakwenda.