Lugha ya Kijapani au Taaluma za Japani? Namna ya kuchagua kabla hujajaza fomu

Natafsiri Kijapani kwa kazi, na kila msimu wa udahili ukifika naulizwa swali hili hili. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Usilitazame jina la shahada. Fungua orodha ya kozi, hesabu vipindi vya lugha mwaka hadi mwaka. Zipo programu za Taaluma za Japani zinazofundisha lugha hadi mwisho. Nyingine lugha inakoma mapema, kinachobaki ni historia, siasa na uchumi. Iulize idara: mwaka wa tatu wanafunzi wanasoma maandishi ya Kijapani chenyewe, au tafsiri?

Hatua ya 2: Jipime kwa jioni mbili. Ya kwanza, kaa na kanji (herufi ya Kijapani yenye asili ya Kichina) moja tu, 生. Kwenye *gakusei* (mwanafunzi) inasomwa *sei*. Kwenye *isshō* (maisha yote), *shō*. Kwenye *ikiru* (kuishi), *i*. Kwenye *umareru* (kuzaliwa), *u*. Ikisimama peke yake huwa *nama*, yaani kibichi. Iandike mpaka mkono uizoee. Orodha rasmi ya kanji za kawaida ina 2,136, kwa hiyo jioni za namna hii zitakuwa nyingi mno.

Ya pili, soma kwa nini serikali ya Meiji, iliyotawala Japani kuanzia 1868, iliwakataza samurai, yaani tabaka la wapiganaji, kubeba panga mwaka 1876 na kuwaondolea posho zao, kisha uasi wa samurai wa eneo la Satsuma ukalipuka 1877. Jioni ipi ulisahau kutazama saa?

Hatua ya 3: Anzia kwenye kazi unayoitaka. Programu ya JET, ya serikali ya Japani ya kuajiri wageni, iliyoanza 1987, huchukua walimu wasaidizi wa lugha wenye shahada ya fani yoyote, hata wasiojua Kijapani. Waratibu wa uhusiano wa kimataifa ndio wanaodaiwa Kijapani cha kufanyia kazi.

Hatua ya 4: Ziba pengo la ulichoacha. Ukichagua Taaluma, jiwekee JLPT, mtihani wa kupima ujuzi wa Kijapani, ngazi N5 (ya chini) hadi N1 (ya juu). Lakini haupimi kuzungumza. Mimi nilifaulu N2 huku simu ikilia natetemeka. Ukichagua Lugha, ongeza angalau kozi moja ya historia. Mimi sikuongeza. Nikakutana na neno *han*, nikaliandika "wilaya", kumbe ni milki ya daimyo, yaani bwana wa kimwinyi, mfumo uliofutwa 1871. Mhariri alinirudishia sura nzima.