Somo: Kujenga kujiamini kwa mazoezi ya nyumbani, kwa mkeka, dumu na daftari

Wengi huanza mazoezi wakitegemea kioo kiwape moyo, na kioo huchelewa. Wiki nne za mwanzo nguvu huongezeka hasa kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamuru misuli ifanye kazi kwa pamoja. Misuli yenyewe kujaa huja baadaye, wiki ya sita, ya nane na kuendelea. Aliyeweka roho yake kwenye kioo huacha katikati hapo, akabaki na sababu mpya ya kujidharau. Ndiyo maana somo hili linapima ahadi: umejiahidi nini, umetimiza nini, kimeandikwa wapi. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba mtu huamini anaweza hasa kwa yale aliyokwisha kuyafanya mwenyewe. Maneno ya kutiwa moyo yanasaidia, ila hayafiki huko.

Tafuta mkeka, kiti cha mbao kisichoyumba, dumu la lita 5 lenye mfuniko usiovuja, daftari na kalamu. Basi.

Hatua ya 1: Saa. Hapa Tanga, hasa Desemba hadi Machi, hewa ina unyevu mwingi. Jasho linatiririka bila kukauka, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Chagua saa 12 asubuhi, baada ya swala ya alfajiri, au saa 11 jioni, alasiri imekwisha kuswaliwa. Ifunge saa hiyo kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku, usiitegemee hamu. Kunywa glasi ya maji kabla. Siku tatu kwa wiki zinatosha, mfano Jumapili, Jumanne na Alhamisi. Siku nyingine tembea dakika 30 kwa mwendo wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba.

Hatua ya 2: Jipime. Keti kwenye kiti chenye kimo cha sentimita 43 hivi, kimeegemezwa ukutani, mikono imepishana kifuani. Inuka, keti, inuka, kwa sekunde 30. Hesabu umesimama mara ngapi. Pumzika dakika 2. Kisha fanya pushapu za ukutani, yaani umesimama ukisukuma ukuta kwa mikono, hadi mwili uanze kukunjika kiunoni, hapo ndipo hesabu inapoishia. Mwisho lala planki, viwiko na vidole vya miguu chini, mwili umenyooka, uone utakaa sekunde ngapi. Andika namba zote na tarehe.

Kiwango chako cha kuanzia ni nusu ya ulichopata. Aliyepata 14 kitini anaanza na 7. Watu hulalamika kwamba ni rahisi mno, na ndivyo inavyotakiwa: wiki mbili za mwanzo lengo ni kutokushindwa hata mara moja.

Hatua ya 3: Mazoezi yenyewe, dakika 20. Pasha mwili dakika 4: tembea papo hapo, zungusha mabega, inua magoti. Kisha fanya haya manne kwa kufuatana, pumzika dakika 1 na nusu, rudia. Wiki ya 1 na 2 ni duru 2, kuanzia ya 3 ni duru 3.

Kukaa na kuinuka. Shuka kwa hesabu ya tatu, usijitupe kitini. Magoti yakiingia ndani wakati wa kuinuka, yasukume yafuate vidole vya miguu. Yakiachwa hivyo ndipo goti linapoanza kulalamika.

Pushapu. Hapa ndipo wengi wanapovunjika moyo, kwa kuwa wanaanzia sakafuni. Pushapu ya sakafuni hubebesha mikono karibu theluthi mbili ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 70 anasukuma kama kilo 45. Panda ngazi kwa utaratibu: kwanza ukutani, kisha mezani, kisha kwenye baraza, kisha kwenye kidato cha mlangoni, mwisho sakafuni. Kila mahali hamia chini zaidi ukiweza 15 mara mbili bila kiuno kulegea. Baraza la nyumba zetu za Kiswahili ni kifaa kizuri kuliko pushapu za kupiga magoti, sababu mwili unabaki umenyooka mzima kama utakavyokuwa sakafuni. Viwiko visitanuke kama mabawa; viache digrii 45 hivi kutoka ubavuni, ama sivyo bega litauma upande wa mbele. Toa pumzi ukisukuma.

Kuvuta dumu. Inama, mkono mmoja na goti moja juu ya kiti, mgongo sawa kama meza, mkono mwingine uvute dumu hadi ubavuni. Lijaze maji mpaka juu. Lililojaa nusu maji yake huyumba na kukuvuta mgongo. Kilo 5 zikiwa nyepesi, weka mchanga mkavu, utapata kama kilo 8. Tumia dumu gumu la mafuta ya kula, kwani jembamba hukatika mshikio.

Planki. Kiuno kikianza kuzama, simamisha hapo hapo. Sekunde 15 zilizonyooka zina faida kuliko 60 za kuning'inia.

Mazoezi ya kusimama yafanye peku sakafuni. Mkeka kwenye tailisi zenye jasho unateleza. Utumie kwa planki tu, ukingo wake umegusa ukuta.

Hatua ya 4: Daftari. Usiruke hatua hii. Piga mistari minne: tarehe, nilichoahidi, nilichofanya, neno moja. *Nilichoahidi* kinaandikwa usiku wa kuamkia, kamwe si baada ya zoezi. Mfano: "Jumanne. Kiti 7+7, meza 6+6, dumu 8+8, planki 12+12." Ukimaliza zoezi unajaza ulichofanya. Neno moja ni hali yako: mzito, sawa, mwepesi. Usiandike kilo za mwili humu. Kila Ijumaa soma kurasa za nyuma kwa sauti.

Hatua ya 5: Kupandisha. Ukitimiza ahadi yote vipindi viwili mfululizo, na ungeweza kuongeza 2 bado, basi ongeza 1 au 2. Ongeza kitu kimoja kwa wakati mmoja: marudio, au uzito, au duru. Anayeongeza vyote pamoja akiumia hajui kilichomuumiza.

Hatua ya 6: Ukikosa. Uwe na kipindi kifupi cha dakika 5: kiti mara 5, ukuta mara 5, planki sekunde 10. Siku ya mgonjwa, ya msiba, ya umeme kukatika, fanya hicho na ukiandike kama ahadi kamili. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London ulikuta mazoea yalichukua wastani wa siku 66 kukaa, wengine siku 18, wengine walikadiriwa kufika 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kinachoharibu ni kukosa mara mbili mfululizo, maana ya pili huanza kuwa ndiyo desturi.

Hatua ya 7: Kutoka nje. Kuanzia wiki ya sita, hamisha zoezi moja kutoka chumbani kwenda uwani. Wiki ya nane, pushapu za baraza la mbele. Baadaye matembezi ya jioni Raskazone, kule ufukweni. Kila hatua irudie mara tatu kabla ya kuipita, mpaka moyo utulie.

MASWALI YA WANACHAMA

*Assalaam alaykum. Nipo Ngamiani, nyumba ya wapangaji, uwani hakuna faragha na chumba ni kidogo. Tena navaa dera.*

Waalaykum salaam, dada. Unahitaji urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 tu, nafasi ya mkeka. Dera hunasa chini ya magoti na kukuangusha. Vaa suruali pana ndani, kisha lifunge dera kiunoni kwa khanga. Hatua ya 7 iache mpaka utakapotaka mwenyewe.

*Mwalimu, nimefanya kipindi cha kwanza jana, leo kushuka ngazi ni shida. Niendelee?*

Maumivu ya misuli yanayoanza siku ya pili na kuisha ndani ya siku chache ni ya kawaida. Tembea, kunywa maji, kesho fanya kipindi kifupi. Ila maumivu makali ya kuchoma ndani ya goti au bega, au uvimbe, simamisha. Nasi tunakuuliza: ulianza na nusu kweli?

*Shikamoo mwalimu. Baba yangu ana presha, ana miaka 61. Afuate somo hili?*

Marahaba mwanangu. Kwanza apimwe kituo cha afya na aulize daktari wake. Akiruhusiwa, aanze na kiti na ukuta. Planki na kubana pumzi aache, kwa sababu kubana pumzi wakati wa kusukuma hupandisha presha ghafla. Kizunguzungu au kifua kubana ni kusimama na kwenda hospitali.

*Ramadhani tunafanyaje?*

Duru 2 badala ya 3, saa moja na nusu hivi baada ya futari nyepesi, au nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi ili ukimaliza ukute maji. Mchana wa joto hapana. Ahadi iandikwe ndogo tangu usiku wa kwanza.

*Nafanya wiki ya tano, daftari limejaa, lakini huzuni haitoki, silali, na sina hamu ya kula. Nakosea wapi?*

Hujakosea popote, kaka. Hali hiyo ikizidi wiki mbili inahitaji daktari, kama tunavyomwona kwa malaria. Nenda kituo cha afya cha karibu au hospitali ya mkoa ya Bombo, waeleze kama ulivyotueleza hapa, na wiki hii mwambie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Kipindi cha dakika 5 endelea nacho ukiweza. Chukua na daftari; lile neno moja la kila siku litamwonyesha daktari hali ilianza lini.