Waya za nozeli: kufunga 1NZ-FE kwenye Corolla 110 bila kubahatisha

Kontroboksi (kompyuta ya injini) ya 5A-FE, injini ya zamani uliyoitoa, haiendeshi 1NZ-FE. Nunua injini pamoja na kontroboksi yake na nyaya zake. Kama zimekatwa, angalia zimebaki angalau sentimita 15 nyuma ya kila soketi. Chini ya hapo ni mateso.

Nozeli, yaani kifaa kinachomwagia silinda petroli, ina pini mbili. Moja inapata moto wa volti 12 swichi ikiwa ON. Nyingine inakwenda kontroboksi, ambayo huifungia ethi (upande hasi wa betri) kwa milisekunde chache kila inapotaka mafuta yamwagwe. Ndani ni koili tu, kwa hiyo pini ipi ina moto si hoja. Hatari ni kupeleka moto wa betri moja kwa moja kwenye waya wa kontroboksi: ikifunga ethi tu, transista yake inaungua, na hata ukiweka nozeli mpya silinda hiyo haitapata mafuta.

Kabla ya kuunga, pima nozeli kwa mita. Za 1NZ husoma karibu omu 14. Ukisoma 2 au 3, umechanganyiwa nozeli za injini nyingine. Zitavuta umeme mwingi mno na kuiua kontroboksi.

Moto uchukue kwenye relei, fyuzi ya ampea 15, waya wa milimita za mraba 1.5 hadi kwenye maungio, kisha 0.75 kwa kila nozeli. Usiuchukue kwenye waya wa redio. Huo hukatika unapopiga starti, na utabaki unazungusha injini inayoshtuka kidogo tu ukiachia ufunguo. Mwenzako apige starti huku mita iko kwenye soketi: moto lazima uwepo.

Ethi za kontroboksi, E01 na E02 kwenye mchoro, zifunge kwenye injini yenyewe, chuma kikiwa kimesuguliwa.

Kwenye mchoro, pini za nozeli ni #10, #20, #30 na #40, yaani silinda ya 1 hadi ya 4, ya 1 ikiwa upande wa mkanda. Tumia mchoro wa namba ile ile ya kontroboksi. Rangi za waya zinadanganya. Hapa ndipo wengi hupotea. Silinda zinawaka kwa zamu 1-3-4-2, lakini ukigeuza #20 na #30 gari litawaka na kutembea: mafuta yanamwagwa nyuma ya valvu kwa wakati usio wake, yanasubiri, yanaingia. Sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta) inaweza kuyumba kidogo, nawe ukaanza kulaumu plagi. Hata kuchomoa soketi moja moja hakutakuonyesha kosa hili. Betri ikiwa imechomolewa, pima kwa mita kutoka pini ya kontroboksi hadi soketi, zote nne.

Mwisho chomoa soketi za nozeli, chomeka taa ya LED yenye rezista ya omu 1,000, mguu mrefu upande wa moto, upige starti. Ikimetameta, sawa. Zote nne zikiwa kimya, rudi kwenye moto, halafu sensa ya krenki. Ikiwaka bila kuzima, waya wa kontroboksi umegusa bodi: usirudishe soketi hiyo, maana nozeli itabaki wazi na kujaza silinda petroli. Kama ilishachomekwa, toa plagi kabla ya kuzungusha injini tena, na umwage oili. Itakuwa inanuka petroli.