Kuvua mkanda wa cherehani: ninavyopumzika mbele za Mungu tangu nianze kuugua presha

Mwaka juzi, zikiwa zimebaki wiki mbili Pasaka ifike, nilikuwa na sare za kwaya 34 mezani, kitenge cha rangi mbili na kola ya kukunja. Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nashonea barazani mwa duka, na kwaya huwa zinakumbuka sare Kwaresma ikishafika katikati. Nikawa nashona mpaka saa saba usiku. Jumapili nayo nilishona, nikijiambia hii ni kazi ya Bwana, atanielewa. Alhamisi moja kichwa kilinigonga kuanzia kisogoni, nikaona vimulimuli, mteja akanishika mkono tukaenda zahanati.

Nesi alinipima nikiwa bado nahema: 178 kwa 106. Akasema, "Mama, umekuja mbio. Kaa kwanza. Egemea kiti, miguu iguse sakafu, usiipishanishe, usiongee, na simu weka pembeni. Dakika tano." Nikakaa. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kukaa dakika tano bila kitu mkononi tangu nilipojifunza ushonaji. Alipopima tena ikawa 162 kwa 98. Bado ilikuwa juu, nikaandikiwa dawa, na ninazimeza mpaka leo. Lakini zile 16 zilizopungua kwa kukaa tu, nilirudi nazo nyumbani kichwani.

Kina mama wa jumuiya wananiuliza nafanyaje siku hizi, ndiyo maana naandika. Ila kabla sijaenda mbali: kupumzika si badala ya kidonge. Namjua mama aliyeambiwa na mwombaji mmoja kwamba kumeza dawa baada ya kuombewa ni kumdharau Mungu. Akaacha. Akapata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Yakobo sura ya 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Haisemi atupe dawa zake.

Sasa tuanze, na tuanze na usingizi. Wengi tukiugua tunakimbilia mfungo na mkesha, nami nilikuwa hivyo hivyo, naenda mkesha wa Ijumaa na homa yangu. Soma 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anaomba afe, analala chini ya mretemu. Malaika hamkemei, wala hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anamgusa, anamwambia ainuke ale, na kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, chakula tena. Ile sauti ndogo ya Mungu kwenye mlima Horebu anaisikia baadaye, akishatembea siku 40 kwa nguvu za chakula kile. Kwa hiyo wiki ya kwanza usijiongezee ibada yoyote. Saa tatu usiku uwe kitandani, useme mstari mmoja tu, Zaburi 4:8, kisha ulale. Mkesha utaendelea bila wewe, hawatakosa wa kupiga kinanda.

Baada ya hapo chagua siku yako ya kupumzika, na uanze kufunga kazi jioni ya siku iliyotangulia. Mimi Jumamosi saa kumi na moja jioni navua mkanda wa cherehani, ule wa ngozi unaotoka gurudumu la chini kwenye kanyagio kwenda gurudumu la juu. Naukunja, nautia kwenye kopo la vifungo, kopo naliweka juu ya kabati. Mwezi wa kwanza nilikuwa nafunika cherehani kwa kitambaa tu, basi. Jumapili saa nane mchana nikajikuta napiga pindo, eti moja tu. Mkanda ukiwa juu ya kabati, mpaka nivute kiti, nipande, nifungue kopo, dhamiri inakuwa imeshaamka. Wewe unayeuza chakula mkanda wako labda ni ufunguo wa banda. Wakala wa fedha, ni ile simu ya miamala. Tafuta kitu kimoja ambacho kikiondoka, kazi inagoma.

Wateja waambie mapema, Jumatano hivi, siyo Jumamosi usiku. Mmoja wangu alichukua kitambaa chake akapeleka kwa fundi mwingine, na alikuwa mlipaji mzuri. Sitakudanganya kwamba Mungu alinirudishia mara mbili. Kitambaa kilikwenda, na iliniuma.

Kama Jumapili ndiyo siku unayotumika kanisani, kwaya, kufundisha watoto, kupika chai ya wageni, usijidanganye kwamba umepumzika. Tafuta nusu siku nyingine. Na angalia nani anabeba mzigo ulioutua. Kumbukumbu la Torati sura ya 5 inawataja mtumwa na mjakazi kwamba nao wapumzike, kwa sababu Waisraeli wenyewe walikuwa watumwa Misri. Ukikaa na Biblia yako kivulini huku dada wa kazi anaosha vyombo vya watu tisa, hiyo sabato ni ya kwako peke yako. Kwetu makande yanachemshwa Jumamosi, Jumapili yanapashwa moto, kila mtu anaosha sahani yake. Watoto walinung'unika mwezi mzima.

Mchana, baada ya ibada, natoa kiti cha plastiki chini ya mparachichi. Naanza na dakika tano za nesi, vilevile alivyonielekeza, mgongo umeegemea na miguu chini. Ndipo nasoma, polepole, sehemu fupi. Niliyokaa nayo muda mrefu kuliko zote ni Luka 13, yule mwanamke aliyepinda miaka 18, hawezi kujinyoosha. Mgongo wangu unamfahamu vizuri. Hakuomba kitu siku ile, alikuwa sinagogini tu, Yesu ndiye aliyemwona, akamwita: "Mama, umefunguliwa katika udhaifu wako." Mkuu wa sinagogi akakasirika, kwamba kuna siku sita za kuja kuponywa, si sabato. Yesu akamjibu kwa habari ya ng'ombe na punda: sabato mnawafungua zizini mkawanyweshe maji, huyu binti wa Ibrahimu je? Miaka yote nilisoma hapo nikaona muujiza, nikapita. Pale kwenye kiti ndipo niliposikia lile neno kufungua linavyorudi, na kwamba kwake Yesu sabato ndiyo siku yenyewe ya kufungua.

Tangu hapo ombi langu la mchana ni la kutaja kazi kwa jina. "Bwana, magauni matatu ya ubatizo hayajapigwa zipu. Yashike mpaka kesho." Taja yako hivyo hivyo, ada, deni la kikoba, mgonjwa aliyelazwa. Usiombe kwa jumla jumla.

Ujue kitu kimoja: ukitulia, yaliyokuwa yamefunikwa na kelele za kazi yanapanda juu. Wiki ya tatu nililia, nikimlilia mume wangu niliyemzika miaka sita nyuma. Tulipomaliza matanga nilirudi barazani kesho yake. Usikimbie kufagia uwanja yakikujia. Lakini kilio kikiwa cha kila siku, au usingizi ukikatika wiki nzima nzima, mwone mchungaji na mwone daktari pia. Hayo nayo ni maradhi.

Mwezi uliopita nilipima 138 kwa 86, na kidonge. Kwaya ileile imeleta vitambaa 36 mwaka huu, wiki mbili kabla, kama kawaida yao. Nimechukua 20, vilivyobaki nimempelekea fundi mwenzangu wa ng'ambo ya barabara.

Jumatatu usirudi kazini kwa pupa. Mimi nashusha kopo, natia tone moja la mafuta kwenye ekseli ya gurudumu, ndipo narudisha mkanda. Ukiwa umelegea, kata kidogo uunge upya, la sivyo utateleza ukiwa katikati ya mshono.