Somo: Jinsi ya Kukisia Uoto Asilia wa Mahali Kabla ya Kufika

London hupata wastani wa milimita 600 hivi za mvua kwa mwaka, na Dodoma hupata kiasi kinachokaribiana sana na hicho. Hata hivyo, ardhi iliyoachwa bila kufyekwa katika viunga vya London hugeuka msitu wa mialoni baada ya miaka mingi, ilhali shamba lililotelekezwa nje ya Dodoma hurudiwa na migunga na vichaka vya miiba. Anayekariri kwamba mvua nyingi ni msitu na mvua kidogo ni jangwa hana namna ya kueleza tofauti hiyo. Utaratibu ufuatao unaieleza, na unahitaji vitu viwili tu: ramani inayoonyesha mwinuko wa nchi, na jedwali la mvua na joto la kila mwezi la mahali unapopachunguza. Mwishoni utaweza kusema mahali hapo pamo katika biomu gani, yaani ukanda gani mkubwa wa tabianchi, mimea na wanyama wanaoendana.

Hatua ya kwanza: tafuta latitudo

Karibu na ikweta, hewa iliyopashwa joto hupanda ikiwa na unyevu, hupoa na kuangusha mvua. Hewa hiyohiyo, ikiwa imekwisha kukauka, hushuka katika maeneo ya nyuzi 30 kaskazini na kusini, na ndiyo sababu Sahara, jangwa la Arabia na Kalahari zimejipanga katika mikanda hiyo. Ukizidi kwenda kaskazini utakuta misitu ya misonobari ya Siberia na Kanada, kisha tundra, ambako udongo wa chini hubaki umeganda mwaka mzima na mizizi ya miti haina pa kushukia. Andika jibu hili kwa penseli, kwa sababu hatua zinazofuata hulifuta mara nyingi. Kwa maoni yangu, ramani za shule zinazopaka rangi moja ukanda wote wa ikweta zimewapotosha wanafunzi wengi kuliko zilivyowasaidia.

Hatua ya pili: hesabu miezi mikavu

Kinachoamua uoto ni maji yanayobaki udongoni baada ya jua na upepo kuchukua sehemu yao. Wanaikolojia hutumia kanuni rahisi: mwezi huhesabiwa kuwa mkavu ikiwa mvua yake kwa milimita haifiki mara mbili ya wastani wa joto lake kwa nyuzi za Selsiasi. Dodoma, yenye wastani wa nyuzi 23 hivi, inahitaji takribani milimita 46 ili mwezi usiwe mkavu. Kuanzia Desemba hadi Aprili hupata kiasi hicho au zaidi. Miezi mingine yote hushindwa, na kati ya Juni na Septemba mvua karibu haipo kabisa. London, kwa upande wake, hunyeshewa kidogokidogo mwaka mzima, na hata Julai, yenye wastani usiofika nyuzi 20, mvua kwa kawaida huvuka kiwango. Mti wa Dodoma ni lazima uweze kuishi miezi saba bila maji mapya, na kwa hiyo hupukutisha majani, huyafanya madogo, au huhifadhi maji shinani kama mbuyu ufanyavyo.

Hatua ya tatu: punguza joto kadiri unavyopanda

Kwa kila mita 1,000 za mwinuko, ondoa takribani nyuzi 6. Ukianzia Moshi mjini, kwenye mita 850 hivi na wastani wa nyuzi 23, hesabu hii itakupa karibu nyuzi sifuri ukifika mita 4,700 za Kilimanjaro, mlima ambao kilele chake kiko mita 5,895. Katikati ya ncha hizo utapita vihamba vya Wachaga vyenye migomba na kahawa, halafu msitu mnene wenye ukungu, halafu vichaka vya mierika (mimea migumu ya mlimani yenye majani madogo sana), halafu jangwa baridi la mawe.

Hapa pana kosa moja la kuepukwa. Wastani wa nyuzi sifuri mlimani kwenye tropiki si sawa na wastani wa nyuzi sifuri kaskazini mwa Kanada. Kule baridi huja kwa msimu, na mimea hulala kwa miezi mingi. Kilimanjaro baridi huja kila usiku na kuondoka kila asubuhi, hivyo mmea hauna msimu wa kulala. Senesio kubwa, mimea ya mlimani inayosimama kama nguzo kwenye mita 4,000 hivi, haiangushi majani makavu, bali huyaacha yamekumbatia shina ili maji yaliyo ndani yasigande, na jioni majani mabichi ya juu hujifumba kuzunguka chipukizi. Lobelia ya mlima huo hushika maji kati ya majani yake yaliyopangika kwa duara. Usiku tabaka la juu la maji hayo huganda, na barafu hiyo huyakinga maji ya chini pamoja na chipukizi lililozama ndani yake. Huwezi kuikuta mimea hii Siberia, hata kama jedwali la wastani wa joto litakuonyesha tarakimu ileile.

Hatua ya nne: uliza upepo unatoka wapi

Hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hulazimika kupanda mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, na mvua nyingi zaidi hunyesha kwenye ukanda wa msitu, karibu na mita 2,200. Upande wa kaskazini uko kwenye kivuli cha mvua, na Amboseli iliyo chini yake hupata takribani milimita 350 tu kwa mwaka. Vivyo hivyo, Amani katika Usambara Mashariki ni msitu wa mvua, ilhali Mkomazi, nyuma ya Usambara na Upare, ni nyika.

Hatua ya tano: kagua udongo, moto na wanyama

Hatua nne za kwanza zikitabiri miti na wewe ukakuta nyasi, sababu imo hapa. Mbuga za kusini-mashariki mwa Serengeti zimetandikwa majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na chini ya udongo huo chokaa imeganda ikawa tabaka gumu ambalo mizizi ya miti hushindwa kulipenya. Nyasi fupi zenye madini mengi zinazoota juu yake ndizo zinazowavuta nyumbu kuja kuzaa kati ya Januari na Machi.

Wanyama nao hubadilisha uoto. Sotoka, ugonjwa hatari wa ng'ombe na wanyamapori wa jamii yao, ilipoingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, iliua ng'ombe na nyumbu kwa wingi. Ugonjwa huo ulipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka laki mbili na ushei mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Walikula nyasi ambazo hapo awali zilikuwa kuni za moto wa kiangazi, moto ukapungua, na miti michanga ikapata nafasi ya kukua. Mvua haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza mabadiliko hayo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Tabora: Mwalimu, shikamoo. Miombo ya huku kwetu huchipua majani mekundu Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Kwa kanuni yako hiyo ni miezi mikavu. Inawezekanaje?

Jibu: Marahaba. Kanuni hupima maji ya juu, lakini mizizi ya miombo huenda chini sana, na miti hiyo hutumia akiba iliyobaki huko na ndani ya shina. Mvua ikianza, majani yamekwisha kukomaa na hayapotezi wiki za kwanza za unyevu.

Swali kutoka Moshi: Barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiisha, mifongo yetu (mifereji ya kumwagilia mashamba) itakauka?

Jibu: Kati ya 1912 na 2007 barafu hiyo ilipungua kwa takribani asilimia 85, lakini mchango wake katika mito ni mdogo mno. Maji ya mifongo hutoka hasa kwenye mvua na ukungu wa ukanda wa msitu. Mngekuwa na hofu zaidi ya moto, ambao umeteketeza sehemu kubwa ya msitu wa mierika na kuushusha mpaka wa juu wa miti.

Swali kutoka Garissa: Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mbona hatua ya kwanza inatuahidi msitu, nasi tuna ukame?

Jibu: Kwa sababu pepo zenu kuu hazileti mvua. Kaskazi hutoka nchi kavu za Arabia na Pembe ya Afrika, na kusi huvuma zaidi sambamba na pwani badala ya kuingia bara na kupanda milima. Isitoshe, kusi husukuma maji ya juu ya bahari mbali na pwani ya Somalia, maji baridi ya kilindini yakapanda mahali pake, na hewa iliyopoa juu yake haina nguvu ya kupanda. Mnabaki na misimu mifupi miwili tu ya mvua, wakati pepo zinapobadilishana.

Swali kutoka Maskati: Kama maji baridi huleta ukame Somalia, mbona Salala, mji wa Dhofar kusini mwa Oman, huwa kijani wakati huohuo wa Juni hadi Septemba?

Jibu: Chanzo ni kilekile. Pepo hizohizo zikiisha kuvuka ikweta huvuma kuelekea kaskazini-mashariki, na pwani ya Dhofar pia hupata maji baridi. Tofauti ni kwamba Dhofar ina milima iliyoikabili bahari. Hewa baridi yenye unyevu hunasa kwenye miteremko hiyo ikawa ukungu, na matone yake hushikwa na majani ya miti na kudondoka chini, hivyo udongo ulio chini ya mti hupata maji mengi kuliko ulio wazi. Mifugo ikizidi kumaliza miti, mlima hupoteza kile kinachoushikia maji. Ukiuvuka mgongo wa milima kuelekea bara, ukungu hukoma, na katika ukavu huo wa Najd ndiko hutoka ubani unaothaminiwa sana.